Usikimbilie Kupiga Window Upya: Jinsi ya Kufufua Kompyuta ya Zamani Iliyogoma Kuingia

Kompyuta ya zamani ikigoma kuingia, ushauri wa kwanza anaopewa mwenyewe ni uleule kila mara: ipige window upya, yaani diski ifutwe na Windows iwekwe mpya. Mimi ni fundi, na kupiga window kwangu ni kazi nyepesi. Anayeumia ni mwenye kompyuta. Picha za watoto, hesabu za biashara, na ile programu aliyoinunua zamani ambayo diski yake ya kuiwekea haipo tena, vyote vinafutika kwa mkupuo. Ndiyo maana naiweka fomati mwisho kabisa. Mashine nyingi ninazoletewa zikiwa "zimekufa window" hupona bila kufutwa kitu, ilimradi kazi ifuate mpangilio wake: kwanza ujue kilichoharibika, halafu uokoe mafaili, ndipo utengeneze. Ukiugeuza mpangilio huo unaweza kuponya mfumo na kuua data.

Nazungumzia hasa mashine zenye Windows 7 na Windows 10. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009 na Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Huduma ikikoma mashine haizimiki, na bado watu wengi wanazifanyia kazi kila siku.

Tazama inakwamia wapi

Washa, uache mikono, utazame mpaka ikwame. Ikikwama kabla hata ya nembo ya mtengenezaji, kioo kiko cheusi au inapiga milio, tatizo si Windows. Chomoa RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda), safisha zile pini za rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, irudishe kwa kuibana mpaka ishike. Kama ziko mbili, jaribu moja moja.

Nembo ya mtengenezaji ikipita kisha yakaja maandishi meupe kwenye kioo cheusi, kama "Operating System not found", "No bootable device" au "BOOTMGR is missing", basi ama BIOS (programu ya kwenye ubao mama inayoiamsha mashine kabla ya Windows) haiioni diski, ama inaiona lakini haikuti pa kuanzia. Na nembo ya Windows ikitokea ndipo ikaganda, ikazunguka bila mwisho au ikageuka bluu, uharibifu uko ndani ya mfumo wenyewe, au kwenye diski inayoubeba. Namba ya kwenye kioo cha bluu iandike. Windows 7 ina tabia ya kuionyesha kwa kufumba na kufumbua halafu inajiwasha upya. Bonyeza F8 mfululizo mara baada ya kuwasha, uchague "Disable automatic restart on system failure", itatulia uisome.

Kabla ya kugusa kingine chochote, ingia BIOS utazame saa. Kutegemea na aina ya mashine, utaingilia kwa F2, Delete, F10 au Esc. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, kibetri cha kwenye ubao mama kimeisha. Ni kile cha mviringo kinachoandikwa CR2032, cha volti 3. Watu hukiona ni cha saa tu, lakini katika mashine nyingi za zamani ndicho kinachotunza mipangilio yote ya BIOS umeme ukichomolewa. Kikifa, BIOS inarudi ilivyotoka kiwandani, na mmoja wa mipangilio inayopotea ni namna ya kuongea na diski: AHCI au IDE. Windows 7 iliyowekwa mashine ikiwa kwenye AHCI hupakia draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya AHCI peke yake inapowaka. Mpangilio ukigeuka kuwa IDE, Windows haiwezi kuiona diski iliyokaa juu yake, na inaanguka kwa kosa 0x0000007B.

Niliwahi kuletewa kompyuta ya mezani ya mhasibu, imebandikwa karatasi: "window imekufa, fomati". Nikaiwasha. Vile vimwanga vinne vya rangi vya Windows 7 vikaanza kuzunguka kukusanyika, na kabla havijaungana, bluu: 0x0000007B. Nikaingia BIOS. Mwaka ulikuwa umerudi kule mashine ilikotengenezwa, na kwenye SATA Mode paliandikwa IDE. Nikaweka AHCI, nikabonyeza F10 kuhifadhi, ikaingia moja kwa moja hadi kwenye Desktop yake, vitabu vyake vyote vya hesabu viko palepale. Kilichohitajika ni kibetri. Karatasi ile ingefuatwa, hesabu za watu zingekuwa zimefutwa kwa sababu ya kitu kinachoenea kwenye ncha ya kidole.

Kibetri kinabadilishwa mashine ikiwa imechomolewa umeme. Kwa laptopu, betri kubwa nayo itolewe. Upande wenye alama ya kujumlisha kwa kawaida hutazama juu, lakini angalia cha zamani kilivyokaa kabla hujakitoa. Kisha weka tarehe sahihi, maana tarehe ikikosewa tovuti nyingi zitakataa kufunguka hata mfumo ukiwa mzima. Na kama umegeuza AHCI na IDE bila mafanikio, rudisha ilivyokuwa. Usiache mabadiliko mawili matatu yakichanganyika, utashindwa kujua lipi lilileta nini.

Pima diski, kisha okoa mafaili

Hapa ndipo napoteza muda mwingi kuliko popote, na sijutii. Mfumo ulioharibika mara nyingi ni dalili. Ugonjwa wenyewe ni diski inayokufa. Mtu anaanza na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, kwa sababu ndiyo amri anayoikumbuka. Amri hiyo husoma kila sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia) ya diski kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa masaa. Diski iliyochoka ikipewa kazi hiyo ni kama kumkimbiza mgonjwa wa moyo ili kumpima. Isitoshe, chkdsk inapokutana na kitu isichokielewa hukikata ili mpangilio ubaki safi, na mafaili yako utayakuta kwenye folda iitwayo FOUND.000 yakiwa na majina kama FILE0000.CHK. Yenyewe inalinda mpangilio wa diski. Barua zako haizijui.

Kwanza, je, BIOS inaiona diski? Kama haionekani, kwenye kompyuta ya mezani chomoa kebo ya SATA (waya wa data wa diski) pande zote mbili uirudishe, au tumia kebo na tundu jingine. Kwenye laptopu, itoe diski kwenye nafasi yake uirudishe mpaka ikae. Sikiliza pia. Ikigonga tik, tik, tik kwa mpigo uleule, zima mara moja na usiiwashe tena. Data iliyomo kama ina thamani, hiyo sasa ni kazi ya wenye vifaa vya kufungua diski.

Kama inaonekana na haigongi, anza kwa Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, kutoka kwenye flashi. Kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima pakua Linux Mint, uiweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu ya Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo hakikisha haina kitu. Rufus itakuuliza mpangilio wa partisheni (vigawanyo vya diski): mashine ya BIOS ya zamani chagua MBR, mashine ya UEFI (mrithi wa BIOS) chagua GPT. Kama prosesa ni ya biti 32, Mint ya sasa haitawaka, na kama RAM ni GB 1 tu itakuwa mzigo mzito. Tumia antiX, nyepesi na inayokubali mashine kama hizo. Chomeka flashi, washa, ita menyu ya kuchagua pa kuanzia (mara nyingi F12, F9 au Esc), kisha ingia bila kuisakinisha. Hapo hakuna kinachoandikwa kwenye diski ya mgonjwa.

Ndani ya Mint fungua programu iitwayo Disks, chagua diski, kwenye menyu yake fungua "SMART Data & Self-Tests", yaani rekodi ya afya ya diski. Tafuta mistari mitatu: sekta zilizohamishwa (Reallocated Sector Count), sekta zinazosubiri (Current Pending Sector Count), na zilizoshindikana (Uncorrectable). Sifuri kote ni habari njema. Zilizohamishwa chache ambazo haziongezeki, diski inaweza kuendelea kwa uangalizi. Zinazosubiri zikiwepo, maana yake kuna sehemu diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na mimi diski ya namna hiyo siitengenezei mfumo juu yake. Naokoa data, nabadilisha diski.

Kuokoa ni kazi rahisi kama diski ina nguvu. Fungua kidhibiti cha mafaili, bonyeza diski ya Windows, ingia folda ya Users, nakili folda yote ya mwenyewe kwenda kwenye diski ya nje. Usiishie kwenye Desktop na Documents. Barua pepe za Outlook hukaa kwenye mafaili ya .pst, na zile za Thunderbird zimo ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Programu nyingi za hesabu huweka data yake moja kwa moja kwenye C: au ndani ya ProgramData. Muulize mwenyewe anatumia programu gani, usikisie. Diski ya nje ikiwa imefomatiwa FAT32 haitapokea faili lolote linalofika GB 4, na faili za barua hufika huko upesi.

Windows 10 ikiwa haikuzimwa kikamilifu, Linux inaweza kuifungua diski kwa kusoma tu. Kusoma ndiko unakotaka, kwa hiyo usilazimishe zaidi ya hapo. Na diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Utafute kabla hujachezea BIOS.

Diski ikiwa mbovu, kunakili faili moja moja kunaiumiza. Tumia ddrescue, ambayo kwenye Mint unaipata kwa kifurushi cha gddrescue:

sudo apt install gddrescue
lsblk
sudo ddrescue -d -n /dev/sda diski.img diski.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda diski.img diski.map

Amri ya lsblk inakuonyesha diski ipi ni ipi. Isome kwa ukubwa wa diski, usiamini kwamba sda ndiyo mgonjwa. Simama kwenye folda ya diski ya nje yenye nafasi ya kutosha diski nzima ya mgonjwa kabla ya kuanza. Mzunguko wa kwanza huchukua yote yanayosomeka kirahisi na kuruka mabovu. Wa pili hurudi kwenye mabovu na kuyajaribu tena. Lile faili la .map linakumbuka kilichokwisha kuchukuliwa, hivyo hata umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Picha hiyo baadaye inaandikwa kwenye diski mpya, na matengenezo yote yanafanyika huko.

Kuna njia nyingine kwa asiye na Linux lakini ana diski ya Windows. Ukifika kwenye dirisha la amri la matengenezo (Command Prompt, naeleza hapo chini linavyofikiwa), andika notepad, bonyeza Enter. Ndani ya Notepad nenda File, kisha Open, weka "All Files". Kijidirisha hicho kinaonyesha diski zote, na ukibonyeza folda kwa kitufe cha kulia unapata Copy, kisha Paste kwenye diski ya nje. Hakitakuonyesha asilimia ngapi zimekwisha, kwa hiyo tulia. Kwa diski isiyo mbovu kinatosha kabisa.

Sasa tengeneza

Unahitaji diski au flashi ya Windows ya toleo lilelile na biti zilezile: 64 kwa 64, 32 kwa 32. Anzia hapo, chagua lugha, kisha badala ya "Install now" bonyeza "Repair your computer". Windows 10 unaweza pia kuifikisha huko kwa kuikatiza inapowaka mara mbili tatu, lakini kwa mashine iliyochoka naona flashi ni salama zaidi.

Anza na vilivyo rahisi. "Startup Repair" iendeshe, na ikisema haijafaulu, washa upya uirudie. Mara nyingine hutengeneza kosa moja kisha inaona la pili mzunguko unaofuata. Halafu jaribu "System Restore". Hairudishi nyuma nyaraka za mtu. Inarudisha mafaili ya mfumo na rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), na programu zilizowekwa baada ya tarehe hiyo zitatoka. Mashine iliyoharibika baada ya apdeti au draiva mpya, hapa ndipo inapopona mara nyingi.

Ikishindikana, fungua Command Prompt. Usiandike amri yoyote kabla ya kujua herufi za diski, kwa sababu kwenye mazingira haya herufi hubadilika. C: inaweza kuwa ile partisheni ndogo ya "System Reserved", ambayo kwenye Windows 7 ina MB 100, na Windows yenyewe ikawa D:.

diskpart
list volume
exit
dir D:\

Ukiona Windows, Users na Program Files, umefika. Mifano yangu inayofuata inachukulia kuwa Windows iko D: na System Reserved iko C:.

Kama kosa lilikuwa la maandishi meupe, na mashine ni ya BIOS, tengeneza pa kuanzia:

bootrec /fixmbr
bootrec /fixboot
bootrec /rebuildbcd

Jibu la "Element not found" mara nyingi lina maana kwamba hakuna partisheni iliyowekewa alama ya kuanzia. Rudi diskpart, andika select disk 0, list partition, select partition 1 (ile ndogo ya System Reserved), kisha active. Uipe kumbukumbu mpya ya kuanzia:

bcdboot D:\Windows /s C:

Kwenye mashine ya UEFI, active haihusiki kabisa, na /fixboot huweza kukujibu "Access is denied". Usigombane nayo. Ndani ya diskpart tafuta partisheni ndogo ya FAT32, ichague kwa select volume na namba yake, andika assign letter=S, toka, kisha, kwa Windows 10:

bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Kama kosa lilikuwa la kioo cha bluu au kuganda kwenye nembo, sasa, mafaili yakiwa salama na diski imepimwa, ndio wakati wa chkdsk, kisha sfc inayokagua mafaili ya mfumo:

chkdsk D: /f
sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Kwenye diski ya zamani sfc inaweza kuonekana imelala. Taa ya diski ikiwa bado inapepesa, iache. Ikikataa kwa kusema kuna matengenezo yanayosubiri kuwashwa upya, hiyo ni alama ya apdeti iliyokatizwa katikati, mara nyingi na umeme. Iondoe hivi, kisha urudie sfc:

dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Kosa likitaja faili lililo ndani ya \Windows\System32\config, rejista ndiyo iliyoharibika. Windows 7 huweka nakala zake kwenye folda ya RegBack. Tazama ukubwa wake kwanza:

cd /d D:\Windows\System32\config
dir RegBack

Zikiwa na sifuri, acha. Windows 10 kuanzia toleo la 1803 haizijazi tena, na ukinakili sifuri juu ya rejista unaimaliza. Zikiwa na ukubwa wa maana, anza na faili lililotajwa kwenye kosa, tuseme SYSTEM. Usilifute, libadilishe jina:

ren SYSTEM SYSTEM.zamani
copy RegBack\SYSTEM SYSTEM

Ikishaingia

Usishangilie mapema. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, endesha sfc /scannow tena. Kwenye Windows 10 itanguliwe na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Windows 7 haina hiyo. Kama bado kuna vitu vinasumbua, kuna tiba ambayo watu wengi hawaijui: Windows ikiwa imewaka, fungua flashi ya Windows, bonyeza setup.exe, uchague kubaki na mafaili na programu (kwenye Windows 7 inaitwa Upgrade). Inabadilisha mfumo mzima chini yako na kuacha programu zako mahali pake. Lazima uianzishie ndani ya Windows. Ukiwasha kutoka kwenye flashi chaguo hilo hutalipata.

Na mashine ikirudia kuharibika siku chache baada ya kutengenezwa, huku diski ikiwa safi, ishuku RAM. RAM mbovu huandika makosa hata kwenye diski isiyo na kasoro. Iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, imalize angalau mzunguko mmoja kamili. Kosa moja tu linatosha kuihukumu.

Yote yakishindikana, piga window, lakini kwenye diski nyingine. SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya SATA hukaa kwenye mashine hizi bila shida na huzipa mwendo ambao RAM ya ziada haiwezi kuzipa. Ile diski ya zamani iweke kando bila kufutwa mpaka mwenyewe amekagua kila kitu chake. Unapoweka Windows 7, kibodi na flashi zichomeke kwenye matundu meusi ya USB 2.0, kwa kuwa kisakinishi chake hakina draiva za USB 3.0. Kama mwenyewe anahitaji mtandao na nyaraka tu, mimi humshauri Linux Mint. Kama ana programu ya zamani inayotaka Windows 7, ibaki nayo, ila nje ya mtandao.

Mfumo ukishatulia na programu zake zote zikafunguka, washa kwa flashi ya Clonezilla uchukue picha ya diski nzima kwenda kwenye diski ya nje. Iandike tarehe na jina la mashine, umkabidhi mwenyewe pamoja na kompyuta yake.